Koti la Mkuu wa Chuo

Nchi yenyewe inaitwa Nishikie, na wenyeji wake hawaoni cha kuchekesha katika jina hilo. Nilifikaje huko si hoja. Itoshe kusema kwamba nilialikwa, kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa shule, na kwamba kazi hiyo iliniachia tabia mbili ambazo wanangu wamezichoka kwa mama yao: naingia ofisi za watu nikiwa nimekasirika kidogo, na sitoki mpaka nielewe.

Ofisi ya kwanza niliyoingia ilikuwa ya kuandikisha wageni. Nyuma ya meza palikuwa na kiti kikubwa cha ngozi kilichotundikwa koti jeusi la kiume mgongoni. Pembeni yake, juu ya stuli fupi, alikaa mama mmoja wa makamo akigonga mihuri huku mikono ameinyoosha juu, maana meza ilimfika kidevuni. Nikamsalimia. Akaona haya, akanionyesha koti kwa jicho. Akasema taratibu kwamba desturi ni kumsalimia mkubwa kwanza.

Nikauliza huyo mkubwa yuko wapi.

"Ametoka kidogo," akasema.

Basi nikaliamkia koti, nikasema shikamoo, na hakuna aliyecheka. Nilipodadisi ametoka tangu lini, mama yule alifikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akanijibu kwamba yeye alipoajiriwa alilikuta koti hapohapo, na aliyemtangulia naye alilikuta hapohapo.

Mfumo wao, nilivyokuja kuuelewa, ni huu. Kila cheo cha maana kina mwenye kiti na kina mshikizi. Mwenye kiti ni mwanamume. Akitaka kwenda kwenye mambo yake, huvua koti, humwita mwanamke anayeiweza kazi ile, humwambia "Nishikie," na mwanamke hulipokea kwa mikono miwili na kulitundika kitini. Basi, imekwisha. Hakuna kiapo wala maandishi. Kuanzia hapo mwanamke hufanya kazi yote kutoka kwenye stuli, na mwenye koti huwa ametoka kidogo. Sheria yenyewe imechongwa juu ya mlango wa Bunge na watoto huiimba shuleni: Asemaye Nishikie ndiye mwenye kiti, apokeaye kwa mikono miwili ndiye mshikizi. Niliisifu kwa ufupi wake. Kwetu sheria ya ukubwa huo ingeundiwa kamati kwanza.

Nilizungushwa sehemu nyingi. Hospitali kuu nilimwona daktari wa upasuaji akitoka chumbani na jasho limemlowesha, na ndugu za mgonjwa wakampita mbio kwenda kulishukuru koti la daktari bingwa. Mamlaka ya barabara ilikuwa na koti dogo la kitoto lenye vifungo vya plastiki. Mwenyewe, nilielezwa, bado yuko chekechea, lakini familia iliona ni vizuri kuwahi. Mhandisi aliyemshikia alikuwa na nywele nyeupe. Nikamuuliza haoni uchungu? Akanijibu kwamba mtoto ni mtoto tu, hana kosa, na zaidi ya hapo inasemekana ana akili sana.

Nikampata pia Waziri wa Maendeleo ya Washikizi, Bwana Tindo, mwenyewe kwa mwili wake, kwa bahati tu, kwa sababu siku hiyo alikuwa amesahau mwavuli akaurudia. Alinikaribisha kwa furaha. Aliniambia hakuna nchi duniani yenye wanawake wengi maofisini kuliko yao, na kwamba nizunguke nihesabu mwenyewe. Nikakiri kwamba nimeona. Shida iliyobaki, alisema, ni moja tu: wanawake wenyewe hawajiamini. Wizara inaishughulikia kwa semina. Akachukua mwavuli wake akanisihi nikaione mojawapo, katika Chuo cha Maji, ambako hata mkuu wa chuo ni mshikizi. Nilimshukuru. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka kidogo.

Chuo cha Maji ndicho kinachofundisha wahandisi wote wa mabomba na visima wa nchi ile. Aliyepewa kazi ya kunitembeza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Siwema, binti mrefu, mkavu wa maneno, ambaye alinisalimia mimi kabla ya makoti yote ukumbini na hivyo akanipendeza mara moja. Tukaingia semina pamoja. Mada ilikuwa Uongozi wa Pembeni. Mwezeshaji, mwanamke mwenye sauti nzuri, alianza kila jambo kwa kusema "kama ambavyo mwezeshaji angependa kuwaambia," kwa kuwa na yeye alikuwa anamshikia mtu. Tulifundishwa kukaa kwenye stuli bila kuonekana tumekaa kwenye stuli. Tulifundishwa sauti ya katikati, ambayo si ya chini mtu akasema hujiamini, wala si ya juu mtu akasema una kiburi. Tuliijaribu wote. Ukumbi mzima ulikuwa unavuma kwa sauti ya katikati na hakuna aliyesikia mwenzake.

Siwema akanyoosha mkono.

"Samahani. Kwa nini tusikae tu kwenye viti?"

Mwezeshaji akasema hilo ni swali zuri sana. Akaliandika kwenye ubao mdogo wenye kichwa Maegesho, ambako maswali mazuri huegeshwa mpaka wakati wake ufike. Ubao ulikuwa umejaa. Juu kabisa, kwa wino uliopauka, niliona swali lilelile kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Wakati wa chai Siwema alinieleza habari yake. Walikuwa wamefanya uchaguzi wa rais wa serikali ya wanafunzi, naye akashinda, tena kwa mbali. Kwa utaratibu wa chuo, msichana akishinda, humshikia mvulana aliyekuwa wa pili. Wa pili alikuwa kijana mmoja mcheza mpira ambaye hakuwa na ubaya wowote isipokuwa hakujua kwamba aligombea. Koti lake lilikuwa tayari. Siwema alitakiwa kulipokea jioni ileile, na asipolipokea, atapewa msichana mwingine.

Nikamuuliza atafanya nini.

"Namwangalia Bi Sikudhani," akasema. "Leo Baraza linakaa. Wakimpa yeye kiti, mimi silipokei lile koti, watajua wenyewe. Wakimnyima, basi nitalipokea, maana nitakuwa nimejua kwamba hakuna kitu kingine."

Alilisema hilo akichovya mkate kwenye chai, bila machozi wala kelele. Nilikwishaona wasichana wengi wakifikia uamuzi wa namna hiyo. Hakuna anayewaona siku wanapoufikia.

Bi Sikudhani ndiye aliyekuwa mshikizi wa mkuu wa chuo. Mwenye kiti, Bwana Kidunda, alimwita akiwa bado mhadhiri kijana, akamwambia nishikie nakwenda kuangalia mambo ya mbao, akaenda. Mambo ya mbao yalinoga. Chuo kikakua kutoka madarasa machache na bomba moja la mfano mpaka kikawa na maabara ambazo hata mimi, nisiyejua lolote la mabomba, niliona ni za kujivunia. Bi Sikudhani ndiye aliyeyafanya hayo yote, na kwenye kila jiwe la msingi limeandikwa jina la Kidunda. Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba Bwana Kidunda amefariki huko kwenye mbao, mzee, akizungukwa na wajukuu. Hilo liliwaweka wenyeji katika fadhaa, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi tena kusema ametoka kidogo. Kiti kikawa hakina mwenyewe. Bi Sikudhani akaandika barua akakiomba.

Nilimkuta ofisini, kwenye stuli yake, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Alinitengea nafasi kwenye dirisha. Nikamuuliza kwa nini anakitaka kiti wakati kazi anaifanya tayari. Wakaguzi huuliza maswali ya kijinga makusudi.

Akanijibu kwamba mgongo unamuuma. Kisha akavua miwani akaifuta.

"Mwanangu wa kike alinitembelea hapa akiwa mdogo," akasema. "Akaniuliza, mama, huyo koti ndiye bosi wako? Nikamwambia ndiyo. Yuko ng'ambo sasa, anafanya kazi nzuri tu, na kila akinipigia simu ananiuliza koti halijambo. Anatania. Lakini mimi ninaumia, mama, siwezi kukuficha."

Baraza la Chuo lilikutana baada ya chakula. Ni katika vyombo vichache ambavyo wenye makoti huhudhuria wenyewe, na Siwema aliniambia sababu ni hicho chakula. Niliruhusiwa kukaa nyuma kama mgeni, na Siwema kama mwenyeji wangu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shebughe, mtu mkunjufu, mwenye adabu za zamani, ambaye aliinuka kila mwanamke alipoingia na alimbebea Bi Sikudhani mkoba kutoka mlangoni hadi kwenye stuli yake. Kulia kwake alikaa mwanasheria wa chuo, Bwana Ngwali, mwembamba, asiyetabasamu. Niliambiwa hajapata kumpendelea mtu maishani mwake, na hata mkewe analalamika.

Mjadala ulianza vizuri. Mjumbe mmoja alisema Bi Sikudhani ni mpole mno kwa cheo kikubwa. Aliyefuata alisema ni mkali mno. Wakatazamana, wakakubaliana kwamba wanasema jambo moja. Mwingine alisema hana neno na mama huyu, anamheshimu kama dada yake, ila anaogopa kwamba akipewa kiti, nani atakuwa mshikizi mzuri kama yeye? Hilo liliwagusa wengi. Nilifungua mdomo, nikakumbuka mimi ni mgeni, nikaufunga kwa shida sana.

Kisha mwenyekiti akamwomba Bwana Ngwali asome sifa za mwombaji. Bwana Ngwali akainuka. Akasema cheo kinahitaji mtu mwenye uzoefu wa kuongoza chuo, na kwamba kwa mujibu wa sheria, kazi inayofanywa na mshikizi ni kazi ya mwenye kiti. Kwa hiyo miaka yote ile ni uzoefu wa Bwana Kidunda. Uzoefu wa Bi Sikudhani katika kuongoza chuo ni sawa na hakuna.

"Na makosa?" Bi Sikudhani akauliza kutoka chini. "Bomba la bweni lilipopasuka nilihojiwa mimi."

"Makosa ni ya mshikizi," Bwana Ngwali akajibu, wala hakulisema kwa ubaya. "Ndivyo sheria ilivyo, Bi Sikudhani. Ningekuwa na namna nyingine ya kuisoma ningeisoma."

Pakatokea ugumu mwingine. Bwana Kidunda amefariki, na uzoefu wake lazima uwe mahali fulani, hauwezi kupotea hivihivi, ni mali ya umma. Wakajadili mahali ulipo. Mjumbe mmoja akasema kwa kuwa Bwana Kidunda hakuwahi kurudi chuoni, uzoefu haukuwahi kumfikia huko kwenye mbao, kwa hiyo uko hapahapa. Mwingine akasema kilichokuwepo siku zote kitini ni koti. Nilidhani anatania. Bwana Ngwali akafikiri, akageuza kurasa, akasema kwamba kisheria hoja ile haina kasoro. Kati ya wote waliofikiriwa, koti ndilo lenye uzoefu mrefu kuliko wote, halijakosa siku hata moja kazini, na halina doa.

Likathibitishwa. Mikono iliinuliwa yote. Koti jeusi la Bwana Kidunda, lililoliwa na nondo chini ya kwapa, likawa Mkuu kamili wa Chuo cha Maji, na mwenyekiti akamgeukia Bi Sikudhani kwa upole mkubwa, akamwambia Baraza linamwamini, na kwamba anaombwa aendelee kulishikia.

Nikamtazama Siwema. Alikuwa ameshakunja daftari lake. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, kwa sababu jioni ilikuwa inakuja na yeye alikuwa na koti lake la kupokea. Nilikasirika kwa namna ambayo sijakasirika tangu nilipoacha kazi. Nilitaka kumshika mkono, nimwambie asubiri, lakini asubiri nini?

Ikabaki sherehe ndogo ya kumkabidhi. Hapo wakakwama kidogo, kwa kuwa koti haliwezi kusema "Nishikie." Baada ya kushauriana, Bwana Shebughe alijitolea kulisemea. Angelinyanyua, angesema neno, Bi Sikudhani angepokea. Lakini koti lilikuwa ofisini, chumba cha pili. Mwenyekiti akanyanyuka alifuate. Bi Sikudhani akasema asijisumbue, atalileta mwenyewe.

Akatoka. Tukasikia kiti kikigongwa mlangoni. Aliporudi alikuwa amebeba koti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anakiburuta kiti cha ngozi cha mkuu wa chuo, kizito, kutoka mlangoni kuelekea mezani, na koti likiburuzika sakafuni nyuma yake. Bwana Shebughe hakuweza kuvumilia. Mtu mwenye adabu hawezi kukaa akatazama mama anahangaika na mzigo. Akaruka kumsaidia.

Bi Sikudhani alisimama. Alikuwa anahema. Akamnyooshea koti.

"Nishikie," akasema.

Na Bwana Shebughe akalipokea, kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

Sijui kama Bi Sikudhani alikuwa amelipanga hilo tangu chumba cha pili au tangu ujana wake, au kama neno lilimtoka tu kwa kuelemewa. Ninachojua ni kwamba mwenyekiti aliangalia mikono yake, akaangalia koti, akalisogeza mbele amrudishie, na Bi Sikudhani akaweka mikono yake nyuma.

Wajumbe wote wakaanza kusema pamoja. Haiwezekani, walisema, mwanamke hasemi neno lile, halijapata kusemwa. Mmoja alitaka kikao kifutwe. Mwingine alisema alikuwa anaomba msaada tu wa kubebewa mzigo. Mwenyekiti, ambaye bado amelikumbatia koti, akamwomba mwanasheria awaokoe.

Bwana Ngwali aliinuka polepole. Hakufungua kitabu. Niliona anajua kilichomo, na niliona kwamba hakifurahii, na kwamba angekisema hata hivyo.

"Sheria inasema asemaye," akasema. "Haisemi mwanamume asemaye. Inasema apokeaye kwa mikono miwili, haisemi mwanamke. Sisi ndio tuliokuwa tunaimba hivyo vichwani mwetu. Mmesikia nani amesema. Mmeona nani amepokea."

Akaketi. Hakuna aliyempinga, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wamemshangilia kwa kuisoma sheria neno kwa neno.

Bi Sikudhani akakivuta kiti akakaa. Alikaa kwa tahadhari kwanza, kisha akaegemea. Miguu haikumfika chini. Ngozi ilikuwa imekauka kwa kutokaliwa, ikalia, na yeye akafumba macho kidogo, akalia na yeye, wazi, mbele ya watu wazima wote wale, bila kujifuta. Mimi pia nililia, sioni sababu ya kuficha.

Bwana Shebughe alisimama katikati ya ukumbi na koti lake. Mshikizi hana ruhusa ya kuliweka chini wala ya kukaa kitini. Akatazama huku na huku. Mahali pa kukaa palipobaki, kwa mujibu wa desturi yao, palikuwa ni mahali pamoja tu. Akaenda akakaa kwenye stuli, magoti yakamfika kifuani, na nitamsifu kwa hili: hakulalamika, ila baada ya muda mfupi alisema, kwa mshangao wa kweli kabisa, kwamba kumbe kutoka hapa huoni nyuso za watu.

Bi Sikudhani alivaa miwani yake. Akauliza ajenda inayofuata ni ipi. Ilikuwa bomba la bweni la wasichana, ambalo lilikuwa limepasuka tena, na kila mjumbe akatazama karatasi yake kwa bidii. Akasema kabla ya kuendelea anamtaka mwakilishi wa wanafunzi aje mezani aeleze hali ilivyo. Wajumbe wakatazamana, kwa sababu mwakilishi alikuwa koti, na mshikizi wake alikuwa bado hajalipokea. Ndipo Siwema akainuka kutoka nyuma, akasema yeye ndiye aliyeshinda uchaguzi.

Mhudumu mmoja, kwa mazoea tu, akakimbia kumletea stuli.

Siwema akaitazama. Akamwambia mhudumu asante, airudishe. Kisha akapita mbele ya Baraza zima, akafungua mlango wa darasa la jirani, na tukamsikia anachagua kiti.